Neno Ambalo Halikuwa kwa Karatasi

Siku yangu ya kwanza kwa redio ya jeshi, kule Ewuaso Kedong, Sajini wa mawasiliano alinipokonya kalamu. Nilikuwa nimerekebisha sarufi ya ujumbe wa Meja, nikidhani nimesaidia.

"Nafula, wewe ni bomba," akaniambia. "Maji inaingia huku, inatokea kule. Umeona bomba ikiweka sukari?"

Nyinyi vijana mnaotumiana sauti kwa simu kisha mnazifuta, hamwezi kuelewa. Opereta hakuwa na neno lake. Alisoma kilichoandikwa, aliyepokea akakirudia neno kwa neno, tukaita hiyo kurudisha. Kwa miaka kumi na tisa sikuweka sukari.

Ndipo nikahamishiwa Kajiado, kwa nyumba moja yenye ua wa michongoma, ambako nchi yetu ilikuwa ikipatanisha pande mbili za nchi jirani. Jimbo moja la nchi hiyo lilikuwa limepigania uhuru miaka mingi, na sasa wapiganaji walikuwa wamebakiza daraja moja tu waingie mji mkubwa. Jenerali wetu mstaafu, mwenyekiti wa mazungumzo, aliwakalisha meza moja Kanali wa serikali ile na Mjumbe wa wapiganaji. Wakakubaliana risasi zinyamaze saa moja asubuhi, watu wa mji washuke mtoni kuteka maji. Walikuwa na siku tatu bila maji. Ujumbe ungeenda kwa Kiswahili, lugha isiyo ya upande wowote, Kanali akisikiliza; Mjumbe, kwa sharti la Kanali, angengoja nje uani.

Kamanda wa wapiganaji pale darajani tulimwita Nyundo. Aliwahi kuwa mkimbizi hapa Kitengela akijenga nyumba za watu, na Kiswahili chake chote alikitoa kwa mjengo. Kila nikipima redio aliniuliza, "Madam, Kitengela bado iko na vumbi?" Nilimpenda bure.

Saa moja kasorobo nikasoma: "Simamisha mapigano darajani saa moja kamili."

Nyundo akarudisha bila kosa. Halafu akaongeza kwa furaha, "Sawa madam! Tunasimamisha. Vijana wako tayari, mizinga iko tayari."

Mizinga? Mtu anayenyamaza anatayarisha mizinga ya nini? Kwa mjengo, kusimamisha ni kuinua: simamisha ukuta, simamisha nguzo. Huyu alidhani ameambiwa aanzishe vita, na akina mama walikuwa wameshaambiwa washuke na mitungi.

"Afande, hajaelewa," nikamwambia Jenerali. "Niruhusu nibadilishe neno."

Kanali akadakia. "Karatasi imetiwa sahihi. Ukiongeza neno, nitajua ni siri yenu na hao. Nitaondoka, na ndege zetu zitaruka."

Jenerali akaangalia saa ya ukutani. "Soma tena vile iko, Koplo."

Nikasoma tena. "Tunasimamisha!" Nyundo akapiga kelele.

Zilibaki dakika nane. Jamani, niliogopa. Nikabonyeza kitufe. "Nyundo, wacha! Weka vyombo chini, fundi, leo hakuna mjengo! Watu wako mtoni. Wacha!"

Kanali akasimama, kiti kikaanguka. "Mmesikia? Vyombo gani? Mjengo gani?" Akachukua kofia yake. Jenerali, mzee wa watu, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Kanali, ngoja saa moja ipite. Kama ni siri, watu wako wa ng'ambo ya mto watakuambia."

Tukangoja. Redio ikakoroma tu. Saa moja ikafika, ikapita. Kanali akawaita watu wake kwa redio yake mwenyewe, akasikiliza, kisha akakalia kiti cha Mjumbe bila kujua.

"Wanateka maji," akasema.

Mkataba wa amani ukatiwa sahihi. Mimi nikapata barua ya onyo na uhamisho hadi stoo ya Illasit, nikatunza blanketi mpaka nikastaafu, koplo vile vile. Jenerali alikuja kuniona mara moja. "Onyo niliandika mimi," akasema. "Kanali alikataa kurudi mezani bila hiyo." Nilikasirika. Mpaka leo sijamaliza kukasirika.

Sasa naishi Kitengela, na kwa ploti ya jirani kuna mjengo. Juzi fundi mmoja alipaza sauti, "Simamisha!" nikajikuta nimetoka mbio na leso kiunoni nikipiga kelele, "Wacha! Wacha!"

Wote wakatulia, vyombo mkononi.

"Mama, kuna shida?" fundi akauliza.

Nikaona haya. Nikarudi ndani, nikawaletea maji ya kunywa.