Barua za Baba kwa Watengeneza Modemu

Enzi zetu London ilikuwa mbali kweli. Tulitoka Tabora kwa treni, tukakaa Dar siku nne kwa ndugu, kisha ndege mbili, na mwisho treni ya chini ya ardhi hadi kituo chake cha mwisho, Walthamstow. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina miaka kumi na miwili. Tulikuja watatu: baba, mama na mimi. Dada yangu Siwema alibaki kwa shangazi, maana alishapita miaka kumi na minane, na viza ya familia haikumhesabu tena kuwa mtoto.

Wa rika langu mtazikumbuka kompyuta za wakati ule, kubwa, rangi ya maziwa yaliyolala, zikiwashwa zinanguruma kama mashine ya kusaga. Yetu ilitupwa na ofisi ambako baba alifanya usafi. Ndani haikuwa na kitu. Jirani akajitolea kutuwekea Windows ya kunakili, baba akakataa. "Cha wizi ni cha wizi, hata kama hakionekani." Basi nikanunua sokoni jarida lililokuja na diski ya Linux, mfumo wa bure, nikahangaika nao likizo nzima huku mama akinipitishia maandazi. Kila kitu kilikubali isipokuwa modemu, kile kidude cha kuingilia intaneti kwa waya wa simu. Ilihitaji draiva, programu ndogo ya kuielekeza kompyuta namna ya kukitumia kifaa, na watengenezaji walikuwa wameandika ya Windows tu.

Hapo ndipo palipouma. Siwema alituandikia barua pepe kila Jumamosi. Mama alikwenda mara moja tu kuzisoma kwenye kompyuta za maktaba, akalia mbele za watu, akaapa harudi. Nikawa naenda mimi, nasoma, kisha namsimulia jikoni.

"Anasemaje?"

"Hajambo, anawasalimu."

"Basi?"

"Basi."

Nilikuwa naficha. Ombi la viza la Siwema lilishakataliwa mara mbili, majibu yakaja kwetu London, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia yeye. Naye aliandika: "Mama, kama sitakuja, niambie tu, niache kuaga watu."

Baba alikuwa karani wa masjala huko bomani Tabora, na dawa ya kila kitu kwake ilikuwa barua. Akawaandikia watengenezaji kwa mkono: kumbukumbu namba, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na mwishoni "mtumishi wako mtiifu". Hakuomba modemu nyingine. Aliomba maelezo ya ndani ya hii yetu, ili watu wa Linux waandike draiva wenyewe. Wakajibu kwamba bidhaa yao ni ya Windows pekee. Akaandika tena, na tena. Nikamcheka.

"Mwanangu," akasema, "barua ya kwanza hufunguliwa na asiyehusika. Unaandika mpaka imfikie mwenyewe."

Ya saba ilimfikia. Fundi mmoja alituma disketi na kikaratasi. Draiva alishaiandika zamani kwa matumizi yake, wakubwa wakamkataza kuitoa. Alipowapelekea barua zote za baba, wakalegea, na sasa yeyote duniani angeipata bure. Baba alikisoma kikaratasi akiwa amesimama.

Modemu ilipopiga kelele zake na kuunganika, mama alivuta kiti, akasoma barua zote za Siwema tangu ya kwanza, kidole juu ya kioo. Akafika kwenye ile ya kuaga watu.

"Hii hukuniambia."

"Niliogopa utalia."

"Ningelia kwangu."

Akalia kidogo, kwake. Kisha kwa vidole viwili akamwandikia Siwema ukweli wote.

Siku hizi unachomeka kitu, kinafanya kazi kabla hujakaa. Wapwa zangu ujumbe ukikawia kidogo wanakigonga kioo kana kwamba kimewatukana. Siwalaumu. Ila mimi nimehama miji mingi tangu wakati ule, na sijaikuta tena nyumba ambamo watu watatu hunyamaza kuisikiliza mashine ikitafuta njia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipohama London kabisa, kurudi Tabora kwa Siwema. Asubuhi hiyo mama alikuwa mezani anamwandikia. Baba alishatoka na begi. Nikasubiri mlangoni na sanduku langu, herufi zikidondoka moja moja, mpaka mama akabonyeza kutuma na kunigeukia.

"Nimemwambia umeshaondoka. Haya nenda, usinifanye mwongo."