Mama Yangu, Myahudi wa Baghdad

Hadi leo nikikumbuka naona haya. Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha historia ya Wayahudi hapa Maskati, na kila muhula niliwaonya wanafunzi: mwanahistoria halii darasani.

Siku ya mhadhara wa wazi, nilizipanga slaidi haraka haraka nyumbani kwangu mtaa wa Darsait, zikachanganyika na za familia yetu za Unguja. Ukumbini nikaipa picha mgongo, nikasema kwa madaha, "Mama huyu wa Kiyahudi anaiaga nyumba yake ya Baghdad. Hatairudia tena."

Mama mdogo Zuwena, niliyemwalika mwenyewe, akapaza sauti: "We Salma! Mamako huyo, mlangoni petu Malindi, siku tulohama Unguja!"

Watu wakaangua kicheko. Nikageuka. Mama alikuwa bado ameshika kitasa.

Taa zilipowashwa, wanafunzi wangu wote wakaniona nalia.