Maharage Ishirini na Nane

Kila nilowekapo maharage hapa Mbarara, harufu yake mbichi hunirudisha kwenye chumba chetu cha udongo kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Baba, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwetu Kivu, hakuwa amesema neno tangu tuvuke mpaka. Siku hiyo Mama alikuwa akichagua maharage, nami nikayapanga machache sakafuni, mistari minne ya saba saba. Baba akaja kuchuchumaa kando yangu.

"Makumi mbili na munane," alisema, sauti imemkauka. "Namba gani zinaigawanya bila kubakisha? Acha yenyewe."

Nilitafuta kwa vidole, nikisogeza mafungu: moja, mbili, nne, saba, kumi na nne.

"Jumulisha."

Ikatoka ishirini na nane ileile.

"Iko namba kamilifu. Za vile haziko mingi."

"Kisha hii, iko ingine?" niliuliza.

"Mia ine makumi kenda na sita. Maharagi yetu haiwezi kutosha."

Akarudi kwenye mkeka wake na kugeukia ukuta. Mama aliweka ungo chini, akaniinamia sikioni.

"Umuulize tena," alininong'oneza.

Niliyatazama maharage. Sikuwa na swali lingine.