Kasha Lisilo na Maandishi

Fundi wa kompyuta wa shule ile walimwita Bi Waya, na jina lilimkaa. Mwepesi wa mikono, mwepesi zaidi wa mdomo. Ila neno moja lilikuwa halimtoki hata umfinye: sijui.

Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho, alifuta kila kilichokuwamo kwenye kompyuta ya chumba cha nukta nundu, yale maandishi ya vidoti ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Akaiwekea mfumo mpya wa kuiendesha, ule wa bure ambao hata msimbo wake, maagizo yaliyouunda, uko wazi, anayetaka ausome. "Kila kitu kimo humo humo!" akatamba ofisini. Kisha akasafisha na kabati, akajaza gunia zima la takataka.

Loo! Asubuhi ya mtihani, mashine ya kuchapa vidoti haikushtuka hata kidogo. Akazima, akawasha, akachomoa waya, akachomeka. Kimya. Ndipo kijasho chembamba kilipomtoka, maana jambo lenyewe alikuwa analijua tangu chuoni. Wenye mfumo hugawa kilicho chao. Draiva, kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuongea na mashine, ni mali ya kiwanda cha mashine, na kiwanda hakikutaka msimbo wake uonekane. Kwa hiyo draiva hutolewa kando, kwenye sidii yake. Akakimbilia mtandaoni. Kiwanda kilishafungwa zamani.

Mwalimu wa nukta nundu, mzee asiyeona tangu utotoni, akaingia na fimbo yake.

"Karatasi zangu tayari, Bi Waya? Wanangu wanne wanaanza saa nane."

"Bado kidogo tu, mwalimu."

"Mbona sauti inatetemeka? Au umeona nyoka?"

Bi Waya alijaribu kucheka, akashindwa. Aliwajua wale wanne. Yule binti mkubwa mwaka jana alikosa mtihani kwa homa, na baba yake aliapa kwamba akikosa tena, shule basi. Sasa atakosa kwa sababu ya fundi mwenye kujifanya anajua kila kitu. Akavuta kiti, akakaa.

"Mwalimu, nimeharibu. Draiva haimo. Sijui nifanye nini."

"Aa, hiyo tu? Sidii yake iko kabatini, rafu ya chini."

"Nilidhani zile sidii hazina kitu, mwalimu. Makasha hayana maandishi. Nime..."

Hakumaliza. Harufu ya moshi ilikuwa inaingia dirishani.

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Nyuma ya jiko la shule, mfagizi alikuwa anachochea moto, na gunia lilishashika upande mmoja.

"Bi Waya, utaungua!"

Hakusikia la mtu. Akalivuta kwa mikono mitupu, akalikung'uta chini. Makasha thelathini yakamwagika, mengine yameyeyuka yakashikana. Kwake yote yalikuwa sawa. Mwalimu akafika akihema, akachuchumaa, akaanza kuyapapasa moja moja.

"Siyo hii. Wala hii."

Bi Waya alikuwa analia waziwazi. Kila kasha lililotupwa kando lilimwondolea pumzi. Yakabaki sita. Yakabaki matatu. Hapo kidole cha mwalimu kikasimama juu ya kasha lililopinda pembeni.

"Ni hii."

Walirudi ndani saa saba kasorobo. Sidii ilikwaruza, ikasita, Bi Waya akafumba macho. Ikasomeka. Mashine ikaanza kupiga vidoti vyake, ta-ta-ta, karatasi ya kwanza ikatoka.

"Lakini mwalimu," akasema akipangusa machozi, "mbona hukuandika kitu juu yake?"

Mwalimu hakukasirika. Aliushika mkono wake, akakichukua kidole kilichoungua, akakipitisha taratibu juu ya kasha. Palikuwa na vipele vidogo, mistari miwili.

"Vinasemaje?" akauliza Bi Waya.

"Draiva ya mashine," mwalimu akasoma. "Usitupe."