Mlango wa Mwalimu wa Kiebrania

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya leo nilipita Bulla Pesa, hapa Isiolo, nikaona mwenye duka akifungua mlango. Miguu ilisimama yenyewe. Pale ndipo alipoishi mwalimu wa Kiebrania.

Nilikuwa mtoto. Mwalimu alikuwa amehama kutoka kwao Israeli, akawafundisha wahubiri wa mjini kusoma Kiebrania. Kila Alhamisi jioni yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi: aliketi kwa nyanya yangu akiuliza maneno ya Kiborana. Nyanya alikaanga buna, matunda mazima ya kahawa ndani ya samli, na kazi yangu ilikuwa kung'ata ncha ya kila tunda kabla halijaingia sufuriani. Harufu ilifika barabarani. Mwalimu aliuliza jina la samli, la moshi, la ngamia aliyefiwa na ndama. Aliuliza hata tunavyompa mfiwa pole, na mfiwa anavyojibu.

"Huyu atatumaliza maneno," nyanya alisema.

Kisha siku moja masomo ya wahubiri yakakoma. Mlango wa mwalimu ukawa unashinda wazi, naye ameketi sakafuni, viti kavisukuma ukutani.

"Sasa amekuwa Mborana kamili," jirani yetu muuza maziwa alicheka. "Imebaki ngamia tu!"

Tulicheka naye. Shati la mwalimu lilikuwa limechanika kifuani, na kila siku alivaa lile lile. Nyanya akamhurumia: "Maskini, hana mtu wa kumshonea." Akanituma na sindano na uzi. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kiborana, akaichomeka sindano kwenye fremu ya mlango. Hakushona.

Alhamisi hakuja kula buna. Nyanya akamfuata, nami nyuma yake.

"Mwalimu, wewe ni mgonjwa?"

"Akko, mama yangu alikufa huko nyumbani," alisema, akitumia neno la Kiborana la nyanya. "Leo ni siku ya saba."

"Na hukutuambia?"

"Kwetu mfiwa hurarua shati, hukaa chini, huacha mlango wazi. Watu huingia bila kubisha. Nilidhani mlango umesema."

Sisi tulikuwa watu wa kungoja kilio. Pasipo kilio, hapana matanga. Nyanya aliitazama sindano, uzi ukining'inia, akajifunika uso kwa leso. Kisha akaketi sakafuni, akampa pole ya Kiborana. Mwalimu akaijibu yote, bila kukosea, kama alivyofundishwa. Sisi hatukuwahi kumuuliza hata neno moja la kwao.

Mwalimu alihama mwaka huo. Nyanya amekufa, buna yenyewe siku hizi ni ya harusini. Mimi nimejifunza Kiebrania peke yangu, kwa vitabu vya mitumba. Najua sasa anachoambiwa mfiwa wa kwao. Leo nilikisema kimoyomoyo mbele ya duka la watu.

"Mzee, nikuuzie nini?"

"Sindano," nikasema.

"Shilingi kumi."