Siku sikio langu lilipoikimbiza avenyu nzima, Kamina

Wakuu, sogeeni karibu, nina kisa.

Mimi ni mzee wa Kamina. Shule niliiona zaidi nikipita njiani, kwa hiyo herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe. Lakini kisa ni cha kweli. Mke wangu amekaa nyuma yangu anasoma begani, nikiongeza chumvi ananifinya.

Ilikuwa ile vita ya pili ya Kongo, mwisho wa miaka ya tisini. Mapigano yenyewe yalikuwa mbali kidogo. Sisi Kamina tulikuwa na askari wengi, samaki wachache, na uvumi bila kipimo.

Uvumi, wakuu! Asubuhi waasi wamefika mtoni. Mchana wamerudi. Jioni wako sokoni wamevaa vikwembe kama wanawake. (Hiyo ya vikwembe ilimletea shida shangazi yangu, maana alikuwa na ndevu kidogo. Tuiache.)

Nyumbani wote tulisema kwa wakati mmoja. Watoto walikuwa wanagombana hata usingizini.

Na mke wangu, Mama Ilunga, alikuwa na lake. Mama yake mzazi alikuwa Luena, mbali huko kwenye reli, peke yake. Alituma neno kwamba atakuja kwa treni. Lakini treni siku zile ilikuja ikipenda. Mke wangu akaacha kula vizuri. Kitu kikilia njiani, yuko mlangoni.

Siku moja akaniambia:

"Baba Ilunga, humu ndani tunasema sana. Siku ya Mungu, kanisa ikiisha, tutatoka wote. Tutakaa kando ya reli, tutafunga midomo, tutasikiliza. Halafu kila mutu atasema kile sikio yake yenyewe imesikia. Hapana uvumi."

"Bantu batasema tumelogwa."

"Baseme. Weye vaa viatu."

Basi tukaanza. Mahindi ya kuchemsha, karanga, mkeka, mimi na suti yangu ya ndoa.

Jumapili ya kwanza watoto wote walisikia kitu kimoja, na kilitoka kwangu. Ilikuwa sombe ya jana, yaani kisamvu. Tuendelee.

Lakini polepole tukapenda. Kabedi, binti yetu mdogo, alisikia siafu wakikokota bawa la panzi. Ilunga, mkubwa, aliacha kutafuna kucha. Tulirudi nyumbani tunasema kwa zamu kama watu wenye akili.

Mke wangu tu ndiye hakupumzika. Sisi tunasikiliza ndege, yeye sikio liko kwenye chuma cha reli. Nilijua anamsikiliza mama yake.

Sasa mimi nilishawahi kubeba mataruma ya reli, kazi ya muda mfupi sana, lakini nilipenda kusema kwamba treni ikitoka Luena mimi naisikia na sikio tupu. Bongo tupu, yaani uongo. Ila mwanaume akishasema, amesema.

Jumapili moja nikamwonea huruma. Nikalala chini, sikio juu ya reli.

Ko. Ko-ko. Ko.

Nikaruka. "Inakuja!"

"Weye uko hakika?"

"Minyi mutu wa reli!"

Jamani, mke wangu, mama wa kwaya, alikunja kikwembe akatoka mbio ambazo sijawahi kuona. Watoto nyuma yake. Mimi nyuma ya watoto, tai imeruka begani.

Kufika stesheni lazima upite kwenye avenyu yetu, yaani mtaa wetu. Pale mwanzoni shefu wa avenyu alikuwa ananyolewa. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Akaona familia nzima inakimbia.

Wakati wa vita, wakuu, hakuna anayeuliza. Shefu akaruka na kitambaa shingoni. Kinyozi akaruka na mkasi. Kila nyumba ikamwaga watu.

Mimi sikujua. Niliona watu wananipita kushoto na kulia, nikasema moyoni, kumbe avenyu hii inampenda mama mkwe wangu namna hii!

Kisha nikaona mwalimu, jirani yetu, ana godoro kichwani.

Nikafikiri. Mtu hapokei treni na godoro.

"Mama Ilunga! Bantu banakimbia! Tukimbie!"

"Si tunakimbia!"

"Tukimbie zaidi!"

Stesheni tuliipita bila hata kuiangalia. Kwenye uzio wa mtu suruali yangu ikachanika nyuma, kutoka juu mpaka chini.

Tukaingia shamba la mihogo, avenyu nzima, tukalala kimya kati ya matuta. Mbuzi mmoja alikuwa nasi na yeye akanyamaza.

Mwishowe shefu akanong'ona, "Nani aliwaona waasi?"

Mwalimu akasema, "Minyi niliona kinyozi anakimbia."

Kinyozi: "Minyi niliona shefu."

Shefu: "Minyi niliona Mama Ilunga."

Mke wangu akanigeukia. Wote wakanigeukia. Nikasema ukweli:

"Na minyi niliona mwalimu na godoro."

Ungeweza kusikia vichwa vikizunguka.

Kabedi ndiye akasema, "Baba alisikia treni."

"Treni gani?" shefu akauliza.

Kabla sijajibu, akatokea Mama Ngoie, jirani yetu, na beseni la ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kichwani, anatembea taratibu kati ya mihogo.

"Kumbe muko hapa? Minyi niko pale napasua kokwa za ngazi juu ya reli, naona avenyu imekwisha bantu. Kuko matanga?"

Ko. Ko-ko. Kumbe njo ile treni yangu.

Wengine walicheka mpaka wakagaragara, wengine walitafuta fimbo. Mke wangu hakucheka. Alikaa juu ya tuta, akasema polepole, "Basi hakuna treni." Machozi yakamtoka.

Kicheko kikafa. Shefu akampa kitambaa chake ajifute, nacho kilikuwa kimejaa nywele, mke wangu akapiga chafya mbuzi akastuka. Mimi nilitamani waasi waje kweli wanichukue.

Tukarudi. Avenyu ilikuwa tupu, sufuria zimeanguka, kuku ndio wenye mji. Lakini jikoni kwetu moshi unatoka.

"Njo beye, waasi," kinyozi akanong'ona.

Mke wangu akaokota mchi, akaingia wa kwanza.

Ndani, juu ya kigoda changu, alikaa mama yake. Anakula bukari yetu, yaani ugali.

"Munapokea mugeni hivi?" akasema. "Mulango wazi, moto umezima?"

Mchi ukaanguka. Mke wangu akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia tena, lakini kilio cha namna nyingine.

Kumbe mama mkwe alichoka kungoja treni. Akapanda kinga, yaani baiskeli, ya mfanyabiashara wa samaki kavu, juu ya gunia. Walipoingia avenyu yetu na kuikuta bila mtu, mwenye kinga aliitupa akatoroka.

"Na weye, mama, hukukimbia?"

"Na magoti hii? Nikasema nitakimbia kesho."

Ilibaki mimi kusalimia. Na kwetu mama mkwe humwonyeshi hata goti, sembuse nyuma iliyo wazi. Nikaingia nimebandika mgongo ukutani, nateleza.

"Mukwe, juu ya nini unatembea sawa mujusi?"

"Ni heshima, mama."

Jioni mwenye kinga akarudi. Kinga tukampa. Kuhusu samaki tulizungumza, maana avenyu nzima ilikuwa imeshakuja kumpa pole mama mkwe, na wageni hula.

Nilichojifunza: ukiona mtu anakimbia, mwulize ameona nini, hata kama unauliza huku unakimbia. Na familia zenye hofu, tokeni pamoja, mfunge midomo kidogo. Sisi tuliendelea, na mke wangu siku hizo alisinzia palepale kwenye mkeka, mama yake ubavuni.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Nani alishawahi kukimbia bila kujua anakimbia nini, na aliokoa kitu gani? Msione haya. Mwalimu wetu aliokoa godoro, akalivuta chini ya mke wake aliyekuwa amelala juu yake, akamwacha pale kitandani.