Vuli ya Kulitaja Jina

Mama mkwe wangu alipanga sherehe za wapagani wa kusini mwa Stockholm kwa miaka mingi kuliko ile niliyokuwa nimeishi Ulaya, na kila kitu kilikaa kichwani mwake: nani ana gari, nani hali nyama, nani amenuniana na nani na kwa hiyo wasiketi kwenye gogo moja. Kilikuwa kikundi kidogo cha watu wa kawaida kabisa, dereva wa basi, mtunza maktaba, daktari wa meno na wengineo wachache, wanaoifuata dini ya kale ya Waswidi. Walikutana msituni karibu na Hagsätra, nyuma ya kituo cha mwisho cha treni, kila majira yalipobadilika. Baba mkwe ndiye aliyeongoza ibada. Alisimama katikati ya duara na ndevu zake, akasema maneno mazuri. Mama mkwe alihakikisha moto unawaka na kahawa ipo. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka moyoni, maana mgawanyo huo wa kazi nilishauona katika kila kanisa nililowahi kusali.

Mimi ni Mkristo. Wazazi wangu ni watu wa bara, Wakikuyu, lakini nililelewa Mombasa, nikaja Stockholm kusoma, nikaolewa na mtoto wao wa pekee. Mama mkwe aliponiona nikiwalisha Wakenya na Wakongo siku ya ubatizo wa binti yetu bila kutoka jasho, alinivuta jikoni akaniomba nimsaidie sherehe ya kiangazi. Nikamwambia kweli: kupika nitapika, kupanga nitapanga, lakini kwenye duara siingii.

“Duara lina watu wa kutosha,” akasema. “Tunayemkosa ni mtu wa kuosha masufuria.”

Basi nikawa mwanafunzi wake. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapigia watu simu na kuwaambia, “Njooni tu, chakula kipo.” Karibu hakuna aliyekuja. Mama mkwe akanieleza kwa upole kwamba Mswidi akiambiwa aje tu, anaona amealikwa kwa adabu, si kwa haja. Mpe kitu cha kubeba. Mwambie alete viazi, au kuni, hata chumvi. Hapo atakuja, tena atafika kabla yako. Nimepanga shughuli nyingi tangu siku hiyo, harusi na misiba, na bado sijafundishwa jambo la maana zaidi kuhusu watu wa nchi hii.

Nyanya yangu kule bara alikuwa akimwaga pombe kidogo chini kabla ya kunywa, kwa ajili ya waliotangulia, na Jumapili akaenda kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Watu hawa nao walinywa pombe ya asali kutoka kwenye pembe ya ng’ombe, wakamwaga kidogo chini, na Jumatatu wakaenda kazini. Sikuona la kuwagombeza. Nilisimama kwenye sufuria zangu nikasali sala zangu, na kila mtu alimwachia mwenzake mlango wake.

Sasa niseme habari ya jina. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Hilo halijadiliwi. Nilipojifungua nikamwambia mume wangu mtoto anaitwa jina la mama yako, naye akadhani natania, kwa sababu kwao mtoto mchanga kwa kawaida haitwi jina la bibi ambaye bado anapanda baiskeli. Mama mkwe alipoambiwa pale wodini aliketi chini na koti lake. Kisha akamwinamia mtoto akamwamkia kwa jina lake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejaribu nguo aliyoishona yeye ili mwingine aivae.

Mimi mwenyewe jina hilo nililitumia kwa mtoto tu. Kuwaita wakwe zangu kwa majina matupu, kama wafanyavyo Waswidi, ulimi ulikataa. Nikawaita kama alivyowaita binti yangu: farfar, yaani babu mzaa baba, na farmor, bibi. Farfar ndiye aliyelitumia jina lile kuliko sote. Nyumba yao ilikuwa ndogo, lakini aliita kutwa nzima. Akitafuta miwani, anaita jina. Ndege akitua dirishani, anaita jina. Tukiwa tumewatembelea, mkubwa na mdogo walitokea wote wawili, mmoja kutoka jikoni na mwingine chini ya meza, na yeye akawachagua kwa kidole huku akicheka.

Farmor alikufa mwezi wa nne, theluji ikiwa imebaki vivulini tu. Moyo ulisimama akiwa kwenye ngazi ya nyumba yao, na mfuko wa ununuzi mkononi. Binti yetu alikuwa na miaka mitano.

Tangu siku ya maziko farfar hakulitaja jina lile tena. Akimsema marehemu alisema “yeye.” Akimsema mtoto alisema “msichana,” au “mdogo,” au alimgusa tu begani. Sisi nasi, bila kukubaliana, tukaanza kulikwepa tukiwa kwake; nilijikuta nikimwita binti yangu “mama” mbele ya babu yake, na mume wangu akamwita “mpenzi.” Tulidhani tunamhifadhi mzee. Mtoto ndiye aliyeona. Siku moja kiangazi kile, nikimfunga viatu mlangoni kwa farfar, aliniambia kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya kawaida, “Farfar amesahau ninaitwa nani.”

Nilimwambia hajasahau. Akaniuliza, basi mbona haniiti? Nikakaza kamba za kiatu cha pili. Usiku ule nilimwombea farfar kwa Mungu wangu, maana sikujua namna ya kumwombea kwa wale wa kwake.

Vuli ikakaribia, na vuli ndiyo wakati wa sherehe yao ya wafu. Utaratibu wake ni mfupi. Pembe inazungushwa, kila mmoja anamtaja mtu wake aliyetangulia, anakunywa, anamwaga kidogo. Aliyefiwa mwaka huo anakuwa wa mwisho, na mpaka amtaje wake, duara halifunguki na hakuna anayekula. Mwaka huo, wa mwisho alikuwa farfar. Alinipigia simu akasema ingekuwa vyema tuiache sherehe mpaka mwakani, mvua ni nyingi, watu wana mafua.

“Kwetu matanga hayaahirishwi kwa sababu mfiwa analia,” nikamwambia. “Na mfiwa hapangi kitu. Wewe njoo tu.”

“Hunipi kitu cha kubeba?” akauliza. Nikajua alikuwa amesikia masomo yangu yote kutoka sebuleni.

“Beba pembe,” nikasema.

Nikawapigia wengine. Huyu kuni, yule mkate, dereva wa basi turubai. Nikaamua kupika pilau, kwa sababu farmor aliipenda mno na kwa sababu harufu ya bizari inaweza kumtoa mtu kitandani. Sufuria kubwa ilikuwa kwa rafiki yangu wa Vårby gård, mama kutoka Bukavu aliyetunza vyombo vya kikundi chetu cha maombi. Nilipomweleza inakokwenda alishika kiuno.

“Weye, dada! Sufuria ya kanisa unaipeleka kwa bapagani?”

“Ni ya pilau tu, mama.”

Akaitazama sufuria, akanitazama mimi. “Ule mama alikuwa mutu muzuri,” akasema mwishowe. “Nilifika huku na viatu vya plastiki, njo yeye alinipatia viatu vya baridi. Kamata. Lakini uioshe muzuri, na usiambie pasta.”

Siku yenyewe tulipanda treni mimi na binti yangu na ile sufuria, ambayo ilipata kiti chake. Mume wangu alikuwa zamu, angetukuta huko. Nilitaka kumtuliza mtoto, nikafanya jambo ambalo mzazi wa Kiswidi hangefanya, kwa kuwa kwao jina na mtu ni kitu kimoja, na kwetu jina ni kiti ambacho mmoja akiinuka mwingine anakaa. Nikamwambia, “Leo farfar atalitaja jina lako mbele ya watu wote. Jina lako na la farmor.” Akaitikia kwa kichwa akatazama dirishani. Sikufikiri zaidi. Nilikuwa nawaza kuni zenye unyevunyevu.

Mvua ilitupa nafasi alasiri ile. Watu walikuja wote, hata walioacha kuja, kila mmoja na alichoambiwa. Farfar alifika na pembe chini ya koti. Alikuwa amepunguza ndevu vibaya, upande mmoja mfupi, kwa sababu mtu aliyemtazama kabla hajatoka nyumbani hakuwepo tena. Nilitaka kulia papo hapo, nikaenda kupuliza moto.

Duara likafungwa. Mimi na mtoto tulibaki kando, kwenye sufuria, mahali petu pa siku zote. Pembe ikazunguka. Mama wa mtunza maktaba. Kaka yake dereva wa basi. Mbwa mmoja pia, nikajifanya sikusikia. Kisha pembe ikamfikia farfar, naye akaishika kwa mikono miwili na kunyamaza.

Alinyamaza mpaka dereva wa basi akaanza kutazama viatu vyake. Mume wangu, aliyefika na sare yake ya kazi, alinyoosha mkono kumshika baba yake kiwiko, akaurudisha. Mimi nikawa nakoroga pilau, na mtu yeyote anayejua pilau anajua kwamba pilau iliyofunikwa haikorogwi. Nilikuwa naogopa. Niliona kwamba akishindwa leo hatajaribu tena, na binti yangu atakua akiitwa “msichana” na babu anayempenda.

Ndipo akalitaja. Hakutumia ile sauti yake ya ibada. Alilitaja kama mtu aliyesimama mlangoni, asiye na hakika kama ndani kuna mtu.

“Abee!”

Mtoto wangu hunijibu kila kitu kwa Kiswidi. Nimempigania Kiswahili nikashindwa mara nyingi. Lakini adabu hii moja nilikuwa nimeing’ang’ania kama mama yangu alivyoing’ang’ania kwangu: mkubwa akikuita, unaitika abee, halafu unakwenda alipo. Basi aliitika, akaenda. Alipenya kati ya makoti ya watu wazima, akasimama mbele ya babu yake na kofia ikiwa imemteremkia machoni, akingoja aambiwe alichoitiwa.

Nikaacha mwiko nikamkimbilia. Nilikuwa tayari katikati ya duara nilipokumbuka kwamba mimi siingii humo. Nilitaka kuomba radhi, lakini hakuna aliyekuwa amekasirika, na hakuna aliyecheka. Farfar alinitazama.

“Amesema nini?”

“Amesema yupo,” nikamwambia. “Umeita, naye ameitika. Kwetu haiwezekani uitwe na ukae kimya…” Machozi yalikuwa yamenifika midomoni.

Farfar aliiinamisha pembe akamwaga pombe yote, hakubakisha. Akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, goti moja kisha la pili, kwa shida, mwanawe akimshikilia. Akaliita tena jina lile, kwa sauti ndogo sasa, maana mtoto alikuwa mbele ya pua yake.

“Abee,” akaitika.

Akaliita mara nyingine. Mtoto akaitika. Akaliita tena, akilia waziwazi, na mtoto akaitika, ila safari hii alisukuma kofia juu na kumkunjia babu yake uso, kama afanyavyo mtu aliyetoka mbali kwa jambo lisiloeleweka.

“Ndiyo, farfar,” akamwambia kwa Kiswidi. “Lakini unataka nini?”

“Nilitaka tu uje,” farfar akasema.